Nafasi ya Sauti ya Kwanza

Ukimwona mtoto wa shule Lyamkena amevaa sweta zito lisilopwaya mabegani wala kuvutika mikononi, ujue limefumwa na Mama Peace. Mashine yake ya kufumia iko dirishani, katika nyumba iliyo nyuma ya maghala ya mahindi, na kutwa nzima utaisikia ikienda na kurudi huku upepo wa Makambako, ambao haujawahi kumhurumia mtu, ukitikisa bati. Wateja humsifia mambo mawili. Masweta yake hayafumuki, na yeye mwenyewe si mtu wa maneno. Akisema, sauti yake ni nzito, ya chini, yenye mkwaruzo, kiasi kwamba anayempigia simu mara ya kwanza humwamkia "shikamoo mzee" na kuomba apewe Mama Peace.

Kwa miaka mingi ni watu wachache sana pale mjini waliojua kuwa jina lake ni Ema, na kwamba ndiye yule wa kwenye kanda.

Kanda yenyewe ina historia yake. Mwaka 1983 kwaya ya vijana ya usharika mmoja wa Kilutheri, nje kidogo ya mji wa Njombe, ilisafirishwa kwenda kurekodi nyimbo zake kwenye studio ya kanisa. Nyimbo zilikuwa nyingi, lakini mmoja ulizimeza zote. Uliitwa "Nitasimama Mlangoni". Aliyeongoza alikuwa binti wa miaka kumi na saba, mtoto wa wakulima wa pareto na viazi, mwembamba, mwenye gauni la kuazima. Sauti yake ilipanda bila kusukumwa. Pale juu, mahali ambapo waimbaji wengine hukunja uso na kusimama kwa vidole, yeye alifika akakaa, kama mtu aliyeingia kwao. Kanda ile ikapigwa kwenye mabasi, kwenye harusi, kwenye maduka, na hata katika nyumba za Wakatoliki, jambo ambalo miaka ile halikuwa dogo. Wazee walimtazama Ema akipita na ndoo yake wakasema, nyota njema huonekana asubuhi. Watu wanaipenda sana methali hiyo. Hakuna anayekuambia nyota yenyewe ikifika saa sita mchana huwa iko wapi.

Kando ya sauti yake, ndani ya kanda ile ile, ilikuwapo sauti ya Rejoice. Hao wawili walizaliwa mwaka mmoja, Ema akitangulia kwa miezi michache. Walikaa dawati moja shuleni, walikata kuni pamoja, waligombana na kupatana kabla jua halijazama. Na kwenye kwaya kila sauti ina mahali pake: wanawake wa sauti ya kwanza na ya pili mbele, wanaume wa sauti ya tatu na ya nne, ile ambayo watu huiita besi, nyuma yao. Ema alisimama mwisho wa mstari wa sauti ya kwanza, Rejoice mwanzo wa sauti ya pili, viwiko vyao vikigusana. Rejoice hakuwa na sauti ya kusifiwa. Ilikuwa sauti ya kuegemewa. Mwalimu wao wa kwaya, Mwalimu Elieza, alikuwa akisema kuwa ya kwanza ndiyo inayosikika, lakini ya pili ndiyo inayoishika isianguke. Ema alisikia akatabasamu tu. Nani ana haja ya kuelewa jambo kama hilo akiwa na miaka kumi na saba na anajulikana mpaka Songea?

Alipotimiza miaka kumi na tisa, rovu likamwota shingoni. Huku nyanda za juu uvimbe huo haukuwa ajabu. Bibi wengi walizeeka nao na wakazikwa nao. Ema aliufunika kwa skafu, kisha kwa skafu pana zaidi. Ulikua pole pole, na mwishowe hata kulala chali akawa hawezi, maana pumzi ilikuwa inakwama. Akapelekwa hospitali moja ya misheni. Daktari alimweleza wazi kabla ya kumpasua, akimwonyesha kwa kidole chake mwenyewe: mshipa unaoendesha sauti unapita hapa hapa, nyuma ya uvimbe. Tutajitahidi, lakini siwezi kukuahidi. Ema akakubali, kwa sababu asiyepumua naye haimbi.

Rovu likaondoka. Sauti nayo ikaondoka.

Karibu mwaka mzima alinong'ona. Halafu sauti ilianza kurudi, ila aliyerudi alikuwa mgeni: nzito, yenye mkwaruzo, inayotokea kifuani. Ema hakumkubali mgeni huyo. Krismasi ilipofika alivaa joho lake akaenda kusimama mahali pake. Rejoice alimtazama usoni.

"Ema, tusubiri Pasaka," alimnong'oneza.

"Subiri wewe," Ema akamjibu.

Wimbo ukaanza. Mwanzoni, pale chini, alikwenda vizuri. Ulipofika mahali pa kupanda, palipo na maneno "mpaka uniite kwa jina", sauti ikakatika kama uzi. Kanisa lilikuwa limejaa hadi milangoni. Kwaya ikanyamaza yote. Mtoto mmoja alicheka na mama yake akamfinya, na kile kilio cha mtoto aliyefinywa ndicho kilichoendelea kusikika wakati Ema anavua joho na kutoka.

Jumapili iliyofuata hakuingia ndani. Alisimama nje, karibu na dirisha, amejifunika kitenge mpaka puani. Akaona kwaya inapanga mistari. Akaona Mwalimu Elieza anamshika Rejoice mkono, anamtoa kwenye sauti ya pili, anamsimamisha mahali pa Ema. Hakusubiri asikie wataimba nini. Aligeuka akaenda zake nyumbani kupitia kwenye shamba la pareto, na alichokiona dirishani akakibeba miaka zaidi ya thelathini.

Rejoice alikwenda nyumbani kwao mara nyingi. Mama yake Ema alitoka kizingitini akasema, "Hayupo," na Ema yupo, nyuma ya mlango, anazisikiliza ndala za mwenzake zikiondoka. Mwaka uliofuata Ema akaolewa na Jofrey, fundi wa reli, akahamia Makambako. Alimwomba mumewe jambo moja tu, kwamba ndani ya nyumba yao kusiimbwe. Jofrey, ambaye akiimba mbwa huhama, alikubali bila shida.

Hapo ndipo wengi wangesema maisha yake yalimalizika, na wasiseme kwa ubaya. Alizaa, akalea, akajifunza kufuma, akajenga. Ila wimbo ulimfuata. Kanda zilikufa, zikaja sidii; sidii zikafa, nyimbo zikahamia kwenye simu, na ile sauti ya binti wa miaka kumi na saba ikawa haizeeki. Ema yuko dukani ananunua nyuzi za sufu, anamsikia. Yuko kwa kinyozi na mjukuu, anamsikia. Siku moja binti yake Peace, ambaye hakuwahi kuambiwa lolote, alimletea simu mpaka kwenye mashine.

"Mama, msikilize huyu dada. Ni wa huku kwetu Njombe. Hivi mtu anaimbaje namna hii?"

"Zima," Ema akasema. "Nahesabu vitanzi."

Aliona wivu. Alimwonea wivu yule binti kama mtu anavyomwonea wivu mke mwenza, na kila alipokumbuka kuwa mke mwenza mwenyewe ni yeye, aliumia zaidi. Alipokwenda kwao kwa misiba alihakikisha anawahi ibada ya alfajiri, ambayo haina kwaya, na mchana anaondoka. Watu wa kule walimwonea haya, hawakumtajia habari za kuimba. Shangazi mmoja tu alijaribu kumfariji, akamwambia, "Kawia ufike, mwanangu."

"Nifike wapi, shangazi?" Ema alimjibu. "Mimi nilishafika, nikarudishwa."

Shangazi akaenda kuchochea moto. Na kwa kweli, ungemwambia nini?

Sasa sikia ilivyokuwa. Mwaka 2019 jirani yao alifiwa na baba. Wanaume walikwenda kuchimba kaburi, wanawake wakabaki kupika. Ema alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, anamenya viazi na moshi wa kuni mbichi unamtoa machozi. Wanawake wakaanza tenzi, kama ilivyo desturi msibani, mmoja anaanzisha, wengine wanapokea. Zilikuwa sauti nyembamba tupu, zimening'inia hewani bila kitu chini yake. Ema alimenya kiazi, akamenya kingine, na bila kujua anafanya nini akaanza kuimba ile iliyokosekana. Besi. Alikuwa ameisikia nyuma yake utoto wake wote. Alikuwa anaijua bila kujifunza.

Wimbo ulipofika ubeti wa pili alishtuka kuwa wanawake wanamtazama. Wengine walisimama na vijiko mikononi. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alitikisa kichwa tu kumwambia, endelea.

Jioni ile mwalimu wa kwaya wa mtaa wao, Edson, mjenzi wa nyumba kwa kazi yake, alifika nyumbani kwa Jofrey na saruji bado iko kwenye viatu.

"Kamwene, baba. Natafuta mwanaume aliyekuwa anaimba besi jikoni kwenye msiba," alisema. "Nimemsikia nikiwa kaburini. Nimeuliza kila mtu, wanasema hapakuwa na mwanaume jikoni."

"Hapakuwa na mwanaume," Ema alisema, akiinamia mashine yake.

"Basi ni nani?"

Jofrey akaweka kikombe chini. "Mwalimu, usihangaike. Ni huyo huyo. Akilala anakoroma besi hiyo hiyo, mimi naisikiliza bure miaka yote hii."

Ema alimtazama mumewe kwa jicho ambalo lingemtoa nyoka pangoni. Lakini hakukataa. Edson alikaa mpaka chai ikapoa, akimsihi. Alikuwa na wanaume wanne wa besi, wawili wameenda kupasua mbao misituni, mmoja anasinzia.

Ugomvi ukahamia kwa wazee wa kanisa. Mwanamke kusimama mstari wa wanaume? Mzee mmoja alisema haijapata kuonekana. Mwingine akauliza kama kuna andiko linalokataza, wakatafuta, wakachoka. Mwishowe waliamua kama wanavyoamua watu wanaoogopa kukosea: asimame na wanawake wa sauti ya pili, mwisho kabisa, mgongo wake karibu na wanaume, aimbe anachoimba. Watoto wakamwita Mama Besi.

Miaka hamsini na mitatu. Hebu tuseme kweli, kwa umri huo wengi wetu tumeshaacha hata kujaribu viatu vipya. Ema alijifunza upya kupumua. Alijifunza kwamba sauti ya chini haikimbii. Inasubiri wenzake wapande, inabaki pale pale, ili wakitaka kurudi wawe na pa kurudia. Alianza kuitwa misibani, Lyamkena kwanza, baadaye mitaa mingine, hata kwa Wakatoliki. Hapakuwa na kanda wala spika. Watu walisema tu kwamba Mama Peace akiimba, jeneza linashuka vizuri. Alirudi nyumbani baridi imemwingia miguuni, na moyoni ana kitu ambacho hakukipata hata mwaka ule alipojulikana mpaka Songea, yaani kulala bila kuwaza walimwonaje.

Habari hazina miguu lakini hutembea. Zilifika Njombe. Siku moja mwanamke wa kule alikuja kuchukua sweta, akasema, "Rejoice anakusalimu. Amesema amesikia umerudi kuimba. Amesema nikwambie nafasi yako ipo."

Ema alikunja sweta, akalikunja tena. Nafasi yangu ipo! Aliyeichukua ndiye anaisema. Akaona ni majivuno ya mtu aliyeshiba, anayemkaribisha mwenzake kwenye sahani aliyoila yeye. "Mwambie nimesikia," akajibu. Salamu hakurudisha.

Rejoice alifariki Juni mwaka 2024, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka hamsini na saba. Elius, mwanawe mkubwa, ndiye aliyepiga simu. Ema alisikiliza akiwa amesimama. Kisha aliizima mashine, akafunika nyuzi kwa shuka, akamwambia Jofrey, "Twende."

Walifika kijijini jioni, ukungu umeshuka mpaka kwenye miti ya milingoti. Ema alikaa na wanawake ndani, kwenye mikeka, jirani na jeneza, akasubiri machozi yake. Hayakuja. Kilichokuja ni hasira, na hasira juu ya marehemu ni kitu kizito kwa sababu hakuna wa kuipokea.

Asubuhi ya maziko, barafu nyembamba bado iko majanini, Elius alimwita pembeni.

"Mama mkubwa, shikamoo. Nina jambo la kukuuliza, na mama aliagiza nisimuulize mtu mwingine."

"Marahaba. Sema."

"Ni ule wimbo wenu. Kwaya itauimba kaburini. Sasa sisi watoto tumeona kwamba leo, kwa heshima ya mama, ile nafasi ijazwe. Wimbo tumeutoa kwenye kanda, tumeuweka kwenye spika. Watakapoimba, sauti yako ya zamani itaingia mahali pake. Ila mama alisema, ukifika wakati wa kuijaza, aulizwe Ema."

Ema hakuelewa. "Nafasi ipi?"

Elius naye akamtazama kama haelewi. "Ya sauti ya kwanza. Si huwa haiimbwi?"

"Haiimbwi wapi?"

"Hapa. Kwenye wimbo huo. Tangu nizaliwe haiimbwi, mama mkubwa. Kwaya yetu inauimba kwa sauti ya pili, ya tatu na besi, basi. Wa sauti ya kwanza husimama wamefumba midomo mpaka uishe. Wageni hutucheka, wanasema wimbo hauna kichwa. Sisi tuliokua hapa tumezoea, wengine walidhani ni desturi ya kuwakumbuka marehemu. Juzi juzi tu mama alipougua ndipo aliponieleza. Alisema siku moja Mwalimu Elieza alimtoa kwenye sauti ya pili akamsimamisha mahali pako, wimbo ukaanza, yeye akakataa kufungua mdomo. Akarudi kwenye mstari wake mbele ya kanisa zima, akaimba sauti ya pili peke yake. Mwalimu alikasirika mwezi mzima. Mama akamwambia, wimbo huu una mwenyewe, hajafa. Na alipokuwa mwenyekiti wa kwaya ndiyo ikawa sheria."

Ema aliishika nguzo ya banda la ng'ombe. Aliiona tena ile Jumapili, dirisha, mkono wa mwalimu, Rejoice mahali pake. Kama angesimama pale kwa muda wa ubeti mmoja tu! Ubeti mmoja, asingebeba mzigo ule hadi mvi zikamwota. Na zile ndala zilizokuwa zinaondoka mlangoni kwao zilikuwa zimekuja kumwambia hilo.

"Mama mkubwa," Elius alisema taratibu. "Tuweke spika?"

"Niache kwanza, baba."

Alimtafuta Jofrey, akamkuta anaota moto na wanaume. Akamvuta pembeni akamweleza yote. Alimweleza pia anachokiogopa, na aliogopa kweli, kama binti. Spika ingeimba vizuri. Spika haikosei. Yeye akisimama mbele ya watu wale wale, kwaya ile ile, wimbo ule ule, ukafika pale pale, sauti ikakatika, atakuwa ameyaharibu maziko ya Rejoice kama alivyoiharibu Krismasi. Na safari hii hakuna Makambako ya kukimbilia.

Jofrey alikuna kidevu. "Mimi muziki siujui, Mama Peace. Lakini huyo marehemu alikuwa na kanda nyumbani miaka yote. Angetaka spika, si angeweka spika?"

Akarudi kuota moto.

Kaburi lilikuwa juu ya kilima, pembeni ya shamba la viazi. Baada ya neno la mchungaji jeneza likashushwa, wakatupa udongo wa kwanza, na kwaya ikapanga mistari yake. Elius alikuwa ameiweka spika juu ya kiti cha plastiki, kidole kiko kwenye kitufe, macho yako kwa Ema. Wanawake wa sauti ya kwanza wakafumba midomo, vijana na watu wazima, kama walivyofundishwa. Mwanzo wa mstari wa sauti ya pili palikuwa na pengo la mtu mmoja.

Ema akamtikisia Elius kichwa. Hapana.

Kisha akatembea. Hakwenda nyuma kwenye besi, mahali ambapo angekuwa salama. Alikwenda mwisho wa mstari wa sauti ya kwanza, na wale wanawake, ambao wengi hawakuwahi kumwona, wakasogea bila kuulizwa. Akasimama, na kiwiko chake upande wa kushoto hakikugusa mtu.

Mwalimu kijana wa kwaya akatoa sauti. Wa pili wakaanza, wa tatu, wa nne. Ema akafungua mdomo akaimba sauti ya kwanza.

Haikupanda. Ilitoka chini ya zote, chini hata ya wanaume, wimbo ule ule ambao watu waliujua kutoka angani, sasa unatoka ardhini. Watu waligeuka kutafuta mwanaume gani anaimba. Akaja mahali pale, "mpaka uniite kwa jina". Hakujaribu kufika alikofika akiwa na miaka kumi na saba; aliyaimba maneno hayo pale pale alipokuwa, kwa sauti aliyobaki nayo, yenye mkwaruzo na yote. Sauti ikashika. Haikukatika. Akalivuka neno "jina" akaona yuko upande wa pili.

Kikongwe mmoja alisema kwa Kibena, kwa nguvu kama wasemavyo viziwi, kwamba huyo ni Ema, amerudi. Binti mdogo wa kwaya akamtazama kwa macho makubwa, akamnong'oneza mwenzake, "Kumbe hakufa?"

Beti zikaisha, umebaki mmoja. Mwalimu kijana alisogea karibu yake, mikono bado iko juu.

"Mama, wa kwanza waingie sasa?" akauliza kwa sauti ndogo. "Umetufungulia?"

"Waingie," Ema akasema. "Waimbe huko juu kwao. Nafasi hiyo ina watu." Akatazama lile pengo kushotoni mwake. "Ila ubeti huu, wa sauti ya pili wanyamaze."

Mwalimu akasita, halafu akaashiria.

Wale wanawake walikuwa wamefumba midomo katika wimbo ule maisha yao yote ya kwaya. Walipoifungua, sauti zao zilipanda juu ya milingoti, safi, za wasichana, na Ema akaziimbia kutoka chini. Wanaume wakashika sehemu zao. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa sauti ya pili. Na wimbo ukayumba. Haukupotea, lakini ulikuwa unayumba waziwazi, wa juu wako mbali mno na wa chini, katikati hakuna mtu. Hata asiyejua muziki alisikia kuwa kuna kitu kimeondolewa. Watu wale walikuwa wameisikiliza sauti ya Rejoice miaka yote bila kuisikia, na sasa ndipo walipoisikia, pale ilipokosekana. Wanawake wakaanza kulia mmoja mmoja. Elius alikaa chini kwenye udongo.

Ema aliimba mpaka neno la mwisho, kwa sababu kazi ya aliye chini ni kubaki mpaka wote warudi. Ulipokwisha alinyoosha mkono wake wa kushoto, kwa mazoea ya zamani, kutafuta kiwiko cha mwenzake. Mkono ukapita kwenye baridi.

"Rejoice," alisema, "nimekawia."

Ndipo yakaja machozi aliyokuwa ameyasubiri usiku kucha, na wanaume wakachukua majembe.